Barua ya udaktari imefika. Pesa je?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo. Weka chai karibu.

Kila msimu wa siasa, na siku hizi hata kwenye mazishi, utasikia sentensi mbili. Ya kwanza: "Kwa mpango huu wetu, mtoto wa mama mboga anasomea udaktari sawa na mtoto wa tajiri." Ya pili, kutoka jukwaa la upande ule mwingine: "Hawa watu wamemfungia mtoto wa maskini mlango wa udaktari." Wote wawili hupigiwa makofi. Na wote wawili wana kipande cha ukweli mfukoni, ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye maoni nitafuta bila kukasirika.

Nimeandika leo kwa sababu ya binamu yangu. Alipata A- katika KCSE, na KUCCPS wakamwita chuo kikuu cha umma kusomea udaktari na upasuaji. Kwa shangazi yangu, ambaye huuza sukuma wiki na nyanya sokoni, watu walicheza mpaka usiku. Wiki mbili baadaye matokeo ya ufadhili yakatoka: Bendi ya 4. Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, hii bendi ya nne ni nzuri ama ni mbaya?"

Nilinyamaza kidogo. Katika mijadala yote niliyotazama kwenye runinga, sijasikia mtu akiuliza swali zuri hivyo.

Tuanze na zamani, haraka haraka. Mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu kwa udhamini wa serikali kabla ya 2023 alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, awe anasomea historia ama udaktari. Gharama iliyobaki serikali ilipaswa kukilipa chuo moja kwa moja. Nasema "ilipaswa" kwa sababu pesa hazikuwa zinafika zote, na vyuo vikarundika madeni. Kwa hivyo anayesema mfumo wa zamani ulikuwa wa neema tupu, muulize kwa nini wahadhiri walikuwa wanagoma.

Mei 2023 mpango mpya ukatangazwa. Pesa sasa zinamfuata mwanafunzi. Kila kozi ina bei yake kamili, na bei hiyo inagawanywa mara tatu: ufadhili ambao hurudishi, mkopo wa HELB ambao utarudisha, na mchango wa familia ambao unatakiwa sasa hivi, mama akiwa bado sokoni.

Bendi ni tano. Bendi ya 1 ndiyo ya wahitaji zaidi: ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5. Bendi ya 4: ufadhili 40, mkopo 30, familia 30. Bendi ya 5: ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Bendi ya 2 na ya 3 ziko hapo katikati, familia ikitoa asilimia 10 na 20. Juu ya hiyo kuna mkopo wa matumizi, kutoka Sh60,000 kwa mwaka kwa Bendi ya 1 kushuka hadi Sh40,000 kwa Bendi ya 5.

Sasa udaktari wenyewe. Mpango ulipoanza, bei ya kozi hii katika vyuo kadhaa vya umma ilikuwa zaidi ya laki sita kwa mwaka. 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo, kwa hivyo nambari iliyo kwenye barua yako ndiyo ya kufuata, si yangu. Mimi nitatumia laki sita kamili ya kujifunzia, inagawanyika vizuri.

Familia ya Bendi ya 1 inatoa elfu 30 kwa mwaka. Bendi ya 4, laki moja na elfu 80. Bendi ya 5, laki mbili na elfu 40. Udaktari ni miaka sita, kwa hivyo zidisha. Bendi ya 1: laki moja na elfu 80 kwa safari nzima. Bendi ya 4: milioni moja na elfu 80.

Umeona? Kozi ni ileile, darasa ni lilelile, maiti ya kujifunzia anatomia ni ileile. Yule mwanasiasa wa kwanza alikuwa anaongea juu ya Bendi ya 1. Wa pili alikuwa anaongea juu ya Bendi ya 4 na ya 5. Hakuna aliyekuambia ameshika bendi gani mkononi.

Na hata huyo wa Bendi ya 1 tusimwache tukidhani amefika. Mkopo wake wa karo ni laki moja na nusu kwa mwaka. Ongeza elfu 60 za matumizi. Kwa miaka sita ni Sh1,260,000. Yaani mtoto ambaye serikali yenyewe imekubali kwamba kwao hakuna kitu, anamaliza shule akiwa na deni la zaidi ya milioni. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, ya chini sana ukilinganisha na benki. Lakini asilimia 4 ya hiyo ni zaidi ya elfu 50 kwa mwaka ikishaanza kuhesabiwa. Si sababu ya kukataa udaktari. Ni sababu ya kuujua mzigo kabla ya kuubeba.

Wengine mtaniuliza: si mahakama ilifuta hii kitu? Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango huu ulikiuka Katiba, kwa kubagua na kwa kutoshirikisha wananchi vya kutosha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Kwa hivyo jirani akikwambia usijaze fomu kwa kuwa "ilifutwa", usimsikize. Jaza fomu.

Tena ijaze wewe mwenyewe, ama ukae kando ya anayekujazia. Bendi inatokana na majibu yako: wazazi wako hai ama la, wanafanya kazi gani, mko wangapi nyumbani, ulisoma shule gani na karo ililipwaje, unatoka sehemu gani ya nchi, una ulemavu ama huna. Binamu yangu alijaziwa saiba, kijana wa hapo akienda mbio kwa sababu foleni ilikuwa mpaka nje. Karo ya sekondari ikaandikwa vile ilivyo, shule ya kitaifa ya bweni. Mahali pa kueleza kwamba karo hiyo ililipwa na mfadhili, si na shangazi, pakarukwa. Mfumo ukaona familia iliyoweza kulipa shule ya kitaifa miaka minne. Ningekuwa mashine, ningeona hivyo pia.

Kuna nafasi ya kukata rufaa ya bendi. Ina tarehe ya mwisho, na wengi huijua ikishapita. Beba vyeti vya vifo kama mzazi alifariki, barua ya chifu, barua ya mfadhili, ushahidi wowote wa karo ilivyolipwa. Na mkopo wa HELB si wa kuomba mara moja ukasahau. Unaomba upya kila mwaka. Kila mwaka kuna mtu anakwama kwa kudhani utakuja wenyewe.

Sasa swali mnaloniuliza sana kwenye inboksi: chuo gani cha udaktari ni nafuu?

Kwa vyuo vya umma, karo ya udaktari haipishani sana kiasi cha kukufanya ukeshe. Kinachopishana ni maisha. Chukua mkopo wa matumizi wa Bendi ya 4, elfu 45 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi tisa ya masomo: elfu tano kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi, chakula, nauli, bando na sabuni. Jijini Nairobi elfu tano inaisha kwenye chumba kabla hujanunua unga. Eldoret, Kisumu au Nakuru, ambako pia kuna shule za udaktari za umma, angalau unaweza kuanza kubishana nayo. Na kama una ndugu mwaminifu anayeishi umbali wa kutembea kutoka hospitali ya mafunzo, huyo ndugu ana thamani kuliko basari yoyote nitakayotaja hapa chini. Kozi ileile unaweza kuichagua katika vyuo tofauti unapojaza KUCCPS, mradi alama zako zinatosha. Panga chaguo zako ukiwa na kalamu ya hesabu, si kwa jina kubwa la chuo.

Kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye brosha. Mwanafunzi wa kozi nyingine anaweza kufanya kibarua likizo, kuuza mitumba wikendi, kushika zamu kwa duka la M-Pesa. Mwanafunzi wa udaktari akishaingia miaka ya wodini, likizo zinafupika na usiku anaitwa. Mkono wa kujitafutia unafungwa. Kwa hivyo ukipiga bajeti yako ya miaka sita ukihesabu vibarua, hesabu vya miaka miwili ya mwanzo tu. Halafu kuna koti jeupe, stethoskopu, vifaa vya kupasulia na nauli za kwenda vituo vya mashambani. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tano umuulize alitumia nini. Atakwambia ukweli kuliko ofisi.

Hapa kuna mtego ambao umeumiza watu. KUCCPS inaweza kukupeleka chuo kikuu cha kibinafsi kama umekichagua. Lakini kwa waliojiunga tangu mpango mpya uanze, anayekwenda chuo cha kibinafsi anaweza kupata mkopo, hapati ufadhili. Ile sehemu kubwa, ile ya asilimia 40 ama 70, haipo. Kijana wa jirani yetu alichagua chuo kimoja cha kibinafsi kwa kuwa alama za kuingia zilikuwa chini kidogo. Barua ilisema "KUCCPS", wazazi wakasikia "serikali". Muhula wa pili alikuwa nyumbani akichunga ng'ombe, na deni la muhula wa kwanza anadaiwa.

Na kabla ya kulipa hata shilingi ya maombi mahali popote, hapa nchini ama ng'ambo, angalia kama shule hiyo ya udaktari inatambuliwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari. Mawakala wa vyuo vya ng'ambo wana picha nzuri sana. Wasichotangaza ni kwamba ukisomea nje utafanya mtihani wa baraza ukirudi, kabla ya kuanza unagenzi. Wapo wanaofaulu vizuri tu. Lakini tiketi ya ndege na mtihani ni sehemu ya karo pia, viweke kwenye hesabu.

Sasa niseme yangu. Mimi nilipata B. Nilitaka udaktari, alama hazikufika, na hata zingefika nyumbani hatukuwa na uwezo. Nikaenda KMTC nikasomea uafisa wa kliniki: diploma ya miaka mitatu, halafu mwaka mmoja wa unagenzi. Mlango wa kuingia ni C ya jumla pamoja na masharti ya masomo kama biolojia. KMTC ina kampasi zaidi ya 70, kwa hivyo wengi wetu tulisoma karibu na nyumbani na kula ugali wa nyumbani. Mkopo wa HELB unaweza kuombwa huko pia. Leo natibu watu, na kijijini naitwa daktari hata nikikataa.

Lakini wacha nikuonye juu ya sentensi moja inayopendwa na washauri: "Anza na KMTC, utapanda baadaye uwe daktari kamili." Njia ipo, kuna vyuo vinavyopokea wenye diploma nzuri. Shida ni kwamba anayeingia hivyo kwa kawaida ni mwanafunzi wa kujilipia. Unalipa bei kamili, bila ufadhili, ukiwa na mshahara mmoja na pengine watoto wawili. Nimefanya hesabu hiyo mara tatu maishani. Kila mara nimeifunga daftarini nikarudi kazini. Kwa hivyo kama una A- na barua ya chuo cha umma mkononi, usiiachilie haraka ukidhani utairudia. Kama una C+ ama B-, usimtese mama yako kwa miaka ukifuata kozi ambayo alama zake ziko mbali. Huduma ya afya ina milango mingi, na wagonjwa wanahitaji kila mmoja wao.

Basari, basi. Mwaka wangu wa kwanza nilipata basari ya elfu tano. Tulipangwa foleni, tukapigwa picha na hundi ya karatasi ngumu iliyokaribia kunishinda urefu. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini ile hundi ilikuwa na jumla ya pesa za watu wote wa eneo letu, na ndiyo iliyobaki kwenye vichwa vya watu. Ukisikia "tumetoa mamilioni ya basari", tafuta imegawanywa kwa wangapi, na kama mwanafunzi aliyepata mwaka huu anahakikishiwa mwaka ujao. Mwanafunzi wa udaktari anahitaji jibu la miaka sita. Basari hujibu muhula mmoja. Omba kila unayoweza, ya eneo bunge, ya kaunti, ya kanisa ama msikiti, lakini usijenge nyumba juu yake.

Kuna sehemu ya mwisho ambayo mijadala huitenga na karo, kana kwamba ni habari nyingine. 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi mpaka tarehe 8 Mei. Moja ya mambo makubwa ilikuwa madaktari wanagenzi: wale waliomaliza miaka sita na wanahitaji mwaka mmoja hospitalini ndipo wapate leseni kamili. Serikali ilisema italipa Sh70,000 kwa mwezi. Makubaliano ya 2017 yalikuwa takriban Sh206,000. Mwishoni mwa Desemba 2024 walikubaliana kurudi kwenye viwango vya 2017.

Wengi walitazama hilo kama ugomvi wa serikali na watu wenye mishahara mizuri. Rudi kwa mtoto wa Bendi ya 1 mwenye deni la milioni na zaidi. HELB inatarajia uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Bila unagenzi hawezi kupata leseni, bila leseni hawezi kuajiriwa kama daktari. Akikaa nyumbani miezi minane akisubiri kuitwa, saa ya deni haisubiri naye. Kwa familia kama ya shangazi, swali la mwanagenzi analipwa ngapi na ataitwa lini ni swali la karo, ila limechelewa miaka sita kuulizwa.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu na ahadi ya "udaktari kwa wote", msimuulize kama anawapenda maskini. Atasema ndiyo. Muulizeni kama zile asilimia za ufadhili zilizoandikwa kwenye barua huwa zimefika chuoni kabla ya mitihani, kwa sababu zisipofika anayezuiwa mlangoni ni mwanafunzi. Muulizeni rufaa za bendi hujibiwa kwa siku ngapi. Muulizeni kwenye bajeti kuna nafasi ngapi za wanagenzi ukilinganisha na wanaohitimu mwaka huo. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya elimu na haki ya huduma bora ya afya. Mgombea anayejua kazi yake atakuwa na nambari za zote mbili. Asiyejua ataanza wimbo.

Nimalizie na binamu yangu kwa sababu najua mtauliza. Tumekata rufaa. Tuliandika upya kila kitu, tukaambatanisha barua ya mfadhili wa sekondari na ya chifu. Shangazi amekwenda kwa chama chao cha akina mama kuuliza kama zamu yake ya kupokea inaweza kusogezwa mbele, na amepewa jibu la "tutaona", ambalo kwa wale akina mama huwa ni karibu ndiyo. Siku ya kuripoti ni wiki tatu kutoka leo.

Jana usiku binamu alinitumia ujumbe. "Kaka, rufaa ikikataliwa nitajiunga tu na KMTC kama wewe. Usimwambie mama bado." Nimemjibu kwamba asubiri jibu kwanza, na kwamba hata likikataliwa tutakwenda ofisi ya wanafunzi ya chuo kuuliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Mama yake sijamwambia.

Jibu likitoka nitaliweka hapa chini. Maswali leteni kwenye maoni, lakini tafadhali msiweke nambari ya kitambulisho wala ya mtihani wa mtoto hadharani.